Wiki ya masoko: kwa nini naanza na sarafu na kumalizia na hisa

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kufuatilia sarafu na bidhaa (kama mafuta na dhahabu) wakati wewe unanunua hisa tu, na kwa nini kila Jumamosi unasoma muhtasari wa wiki na bado huelewi kilichotokea. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilikuwa na daftari. Kila Ijumaa soko likifunga naandika S&P 500, fahirisi (kipimo cha bei) ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, imeishia wapi, dhahabu bei gani, mafuta bei gani, basi. Ukurasa wa wiki iliyoishia tarehe 9 Agosti 2024 unaonyesha S&P 500 imeshuka kwa asilimia 0.04. Ukiusoma leo utadhani wiki nzima ilikuwa shwari. Kumbe Jumatatu yake fahirisi hiyo ilianguka asilimia 3 kwa siku moja, na Nikkei 225, fahirisi ya hisa za Japani, ikaanguka asilimia 12.4, anguko ambalo Tokyo haikuwa imeliona tangu Oktoba 1987. Siku iliyofuata Nikkei ikapanda zaidi ya asilimia 10. Mimi niliuza Jumatatu hiyohiyo kwa hofu, na bei zikarudi nikiwa nje. Iliniuma sana, ndiyo maana nikakaa chini kutafuta chanzo.

Chanzo kilikuwa yeni. Kwa miaka mingi watu walikopa yeni kwa riba iliyokaribia sifuri, wakazibadili kuwa dola, wakanunua vitu vinavyolipa zaidi, hisa za Marekani zikiwemo. Tarehe 31 Julai 2024 Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba hadi karibu asilimia 0.25. Siku mbili baadaye takwimu za Marekani zikaonyesha ukosefu wa ajira umefika asilimia 4.3, na wengi wakaamini riba ya dola itashushwa upesi. Aliyekopa yeni akabanwa pande zote mbili: yeni inapanda, deni lake linazidi kuwa zito, huku faida aliyoitegemea upande wa dola ikitarajiwa kupungua, na ili alipe inabidi auze alichonacho, hata kama kampuni aliyonunua haina tatizo lolote.

Sasa tazama hili. Mwanzoni mwa Julai dola moja ilikuwa karibu yeni 162. Tarehe 5 Agosti ikafika chini ya 142, yaani yeni ilikuwa imepanda thamani. Mwenye kutazama hisa peke yake alishtukia Jumatatu. Mwenye kutazama yeni alikuwa na mwezi mzima wa kujiuliza maswali.

Kwa hiyo siku hizi naanza na sarafu, nafuata riba ya hatifungani (hati za mkopo) za miaka 10 za serikali ya Marekani, kisha bidhaa, hisa mwisho. Na kwa kila kimoja naandika bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya wiki, siyo ya kufungia tu.

Kwenye bidhaa, usikubali neno "mafuta" likupite hivihivi. Uliza mafuta yapi, na mkataba wa mwezi gani, yaani mapatano ya kununua mafuta ya kupokelewa mwezi upi. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani, WTI, yalifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Huo ulikuwa mkataba wa Mei, uliobakiza siku moja kuisha, na matangi ya Cushing, Oklahoma, mahali mafuta hayo hupokelewa, yalikuwa yanakaribia kujaa. Aliyeushika alilipa ili mwingine auchukue. Mkataba wa Juni siku ileile ulikuwa juu ya dola 20.

Jambo dogo lililonipotosha muda mrefu: ripoti ya Marekani inayoonyesha nani ameshika mikataba gani hutoka Ijumaa, lakini kwa kawaida ni hesabu za Jumanne, kwa hiyo ukiisoma tayari imepitwa na siku kadhaa.

Ukitaka kujizoeza, chukua karatasi moja, chora bei ya dola kwa yeni na Nikkei kuanzia Julai 2024 hadi katikati ya Agosti, mstari mmoja juu ya mwingine. Kisha tuwekee hapa uone ni upi uliogeuka kwanza.