Huku gesi haina mtungi

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama ni kweli alivyosimulia mjomba, kwamba Uingereza umeme haukatiki, nyumba zina joto usiku kucha, na mtu akikwama serikali inamlipia. Mjomba alikaa wiki mbili, tena Julai, tena kwa mwenyeji. Bili angeionea wapi?

Umeme kweli haukatiki, na shida yangu ilianzia hapo hapo. Nyumbani umeme wa LUKU unaulipia kabla, ukiisha umeisha. Mtungi wa gesi unautikisa, ukiona mwepesi unajiandaa na mkaa. Huku gesi inakuja kwa bomba, haiishi, na wewe unakopa kila siku bila kujua unakopa. Mwaka mzima nililipa pauni 70 kwa mwezi nikijiona mstaarabu, kumbe bili zilikuwa za makadirio. Mita hakuna aliyeisoma, hata mimi mwenyewe. Siku iliposomwa nikaambiwa nadaiwa pauni 1,140.

Ulikuwa msimu ule wa baridi wa 2022, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine. Makadirio ya bili ya nyumba ya kawaida yalitoka pauni 1,277 kwa mwaka, Oktoba 2021, yakafika 2,500 Oktoba iliyofuata, na hapo serikali ilikuwa imeshaingilia kati.

Unajua nilifanya nini wiki ile? Nikatuma hela ya bati za mama. Halafu nikawatumia ile picha nimevaa koti la kijivu, wote mkasifia, "dada kapendeza." Picha ile nilipigia sebuleni. Nilikuwa nalala na hilo koti.

Barua nikawa nazitupia droo ya vijiko. Bahasha zikabadilika, jina la kampuni ya umeme likatoka, likaja la kampuni ya kukusanya madeni. Jumamosi moja mwanamume akagonga mlango. Mimi akili yangu yote ikaenda kwa wale vijana wa mikopo ya kausha damu waliobeba friji ya jirani yetu. Nikazima taa, nikasukuma runinga uvunguni, nikalala sakafuni kando yake kama mwizi ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Akadumbukiza kadi, akaenda zake.

Nilipojikokota hadi kwa washauri wa Citizens Advice, ambao ni bure, yule mama alinicheka kidogo kwa upole. Aliyegonga hana nguvu yoyote. Anaweza kuomba tu. Dalali wa mahakama ni mtu mwingine, anakuja baada ya hukumu, na hata yeye kwa deni kama hili haruhusiwi kuvunja mlango siku ya kwanza, anaingia ukimkaribisha au akikuta mlango haujafungwa kwa ufunguo. Cha kuogopa kilikuwa kingine: kampuni yenyewe kwenda mahakamani kuomba hati ya kuingia na kukufungia mita ya kulipia kabla. Mwaka 2023 kampuni zilisimamishwa kwa muda kufanya hivyo, baada ya kugundulika mawakala wanaingia kwa nguvu hata kwa wagonjwa, kisha masharti yakakazwa.

Mita hiyo ni LUKU yenye kinyongo. Ukiweka pauni 10, kipande cha deni kinakatwa kwanza, kama kodi ya jengo inavyokatwa kwenye LUKU huko. Na kuna tozo ya kila siku inayojumlishwa hata ukizima kila kitu ukaenda kulala kwa rafiki.

Mshauri aliniombea siku 60 ambazo wadai hawaruhusiwi kunisumbua wala kuongeza riba. Tukakubaliana pauni 30 kwa mwezi. Miezi 38, piga hesabu. Na hiyo serikali ya mjomba inayolipia watu, ifute. Viza yangu ya kulea wazee imeandikwa kabisa kwamba misaada ya serikali sina haki nayo.

Kwa hiyo usije. Nasema usije, baki na duka lako. Ila ukija, siku ya kwanza kabla hujafungua begi, piga picha ya mita na uwatumie kampuni ya umeme namba. Barua fungua zote, mlango usifungue. Usikope popote kulipa deni. Wakidai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma na kosa la kutokutoza mapema ni lao, kataa, sheria iko upande wako. Na usione aibu kupiga simu mapema, mimi aibu ilinila miezi mitano. Mama usimwambie haya. Au mwambie, lakini sehemu ya koti iruke.

Hela ya friji ya shangazi mwezi huu sina. Nitatuma nusu tarehe 28, nikishalipwa. Mwambie benki zilikuwa na tatizo.