Jibu: Dar hadi Mwanza kwa ndege ni saa ngapi?

Karibu, ndugu. Umeuliza mbona ramani inakuonyesha kilomita 850 wakati watu wa basi wanakutajia zaidi ya 1,100. Zote ni sahihi. Ndege inakata moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi, ila barabara inazunguka Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga.

Angani ni kama saa moja na nusu kwa jeti. Zile za mapangaboi huchelewa kidogo. Lakini kabla ya kulipa, tazama tiketi kama ndege inatua njiani, maana hapo muda unaongezeka kweli, na mama uliyesema unasafiri naye atachoka. Ongeza pia foleni ya Barabara ya Nyerere, ile ya kwenda uwanja wa ndege wa Dar. Jioni msitoke nyumbani mkiwa mmebana muda, tafadhali.

Mwombee mama kiti cha dirishani. Uwanja wa Mwanza uko kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo mkikaribia kutua ataona maji, visiwa na yale majabali makubwa ya Mwanza. Kutoka uwanjani hadi mjini ni kama kilomita 10 tu, teksi zipo.