Binti wa miaka 16 na kambi ya skauti: mwache aende, lakini muulize kiongozi maswali haya

Dada, umeuliza kama umruhusu binti yako wa Kidato cha Tatu aende kambi ya siku tatu Wundanyi, kwenye vilima vya Taita, na kikosi chake cha Mwamba, ngazi ya skauti wa umri wake. Umesikia kwamba siku ya pili watapanda mlima na kujipikia bila kiongozi kuwa nao, na baba yake anashikilia kuwa skauti ni mambo ya watoto wa shule ya msingi. Mimi ni kiongozi wa Mwamba huku Voi kwa miaka mingi sasa, na wanangu wamepitia humo humo. Mwache aende.

Baba yake huenda anakumbuka Sungura na Chipukizi, ngazi za skauti wadogo: nyimbo, kwata, mafundo ya kamba, kiongozi anapuliza filimbi wote wanakimbia. Mwamba ni vijana wa miaka 15 hadi 18 na kazi yake ni nyingine kabisa. Wanakaa kwa patroli, yaani vikundi vya watu sita hadi wanane, na kila patroli ina kiongozi kijana mwenzao. Utaratibu huu ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana wapatao ishirini kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwagawa kwa patroli, kila moja chini ya kijana wao. Skauti ikaingia Kenya 1910, mzee mwenyewe amezikwa Nyeri, na bado kuna viongozi wanaomvisha kijana skafu kisha wanamwamulia hata saa ya kunywa chai. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu kijana wa miaka 16 anahitaji kuaminiwa kwa jambo la kweli.

Sisi huanzia sokoni. Patroli inakabidhiwa pesa za chakula cha kambi nzima pamoja na daftari la hesabu, na hakuna mtu mzima anayeandamana nao. Safari moja patroli ilipanda Wundanyi na nyama tele, soda na unga, lakini hawakuwa na chumvi wala kibiriti. Jioni ukungu umeshuka, kuni zimepangwa vizuri, sufuria iko juu ya mafiga, na macho yote yananitazama mimi. Kibiriti kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa. Walilaumiana weee, mpaka msichana aliyekuwa akishika daftari akasimama, akakata kipande cha nyama, akaenda nacho kwa patroli ya jirani. Akarudi na chumvi kwenye kipande cha gazeti na njiti kadhaa za kibiriti. Walikula usiku sana. Asubuhi nikaona kwenye daftari ameandika orodha ya vitu vya kununua kabla ya nyama, na chumvi ndiyo ya kwanza. Hakuna aliyemwagiza.

Kuhusu huo mlima, najua ndiko roho yako iliko. Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208, na vijana wenye afya njema wanaupanda. Wanabeba ramani, dira, maji, kisanduku cha huduma ya kwanza na simu iliyotiwa kwenye bahasha na kufungwa, ifunguliwe kwa dharura tu. Njia hiyo kiongozi anatakiwa awe ameshaipita mwenyewe siku chache kabla. Mimi hukaa mahali tulipokubaliana, saa ya kufika inajulikana, na muda ukipita naanza kuwafuata. Mtoto hajatelekezwa, amepewa nafasi ya kuamua. Nakumbuka kijana mmoja aliyechubuka kisigino njiani. Wengine walitaka wamwache apumzike wamkute wakirudi. Kiongozi wa patroli, mvulana ambaye shuleni husikii sauti yake, alikataa. Akagawa mzigo wa mwenzake kwa wengine, akamweka mbele ili wote wafuate mwendo wake. Mbinu ya kumweka mbele aliyechoka tulikuwa tumewafundisha. Kuwapinga wenzake hatukumfundisha sisi.

Sitakuahidi kwamba skauti itampandishia alama. Ila kambi ni za likizo, na binti yangu alipokwenda chuo alijua kugawa pesa za muhula hadi wiki ya mwisho, na akipata shida hupiga simu akiwa tayari ameshafikiria la kufanya.

Sasa, kabla hujatia sahihi fomu ya idhini, mpigie kiongozi wake. Je, kuna kiongozi mwanamke atakayelala kambini? Hema za wasichana ziko wapi? Zahanati ya karibu ni ipi, na usafiri wa usiku upo? Nani anashika pesa za chakula? Akikuambia anazishika yeye na kupika atapika yeye, basi hiyo ni matembezi tu, na binti yako hatapata ulichokuwa ukikitarajia. Kama ana pumu au kuna chakula kinachomdhuru, liandike kwenye fomu, usilitaje kwa mdomo tu. Na dawa zake azibebe mwenyewe huku kiongozi akiwa na za akiba. Begi apange yeye. Mwambie mara moja kwamba Wundanyi usiku kuna baridi ambayo ninyi wa Mombasa hamjaizoea, kisha umwachie.