Kutembea kwa miguu Rubondo au Saanane

Dada, umeuliza kama familia inayofikia Mwanza itembee Saanane au Rubondo, visiwa viwili vya Ziwa Victoria, na kama watoto wanaweza kuogelea. Ikiwa mna siku moja tu, nendeni Saanane, kwani ni dakika chache kwa boti kutoka mjini, njia zake ni fupi, na watoto watawaona pimbi wakiota jua juu ya majabali. Kwa maoni yangu, hata hivyo, anayetaka msitu hasa hatatosheka hapo.

Rubondo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 456 pamoja na maji yake, na sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mnene, ambamo wanaishi sokwe waliotokana na wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Mtatembea na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Mkikaribia mabwawa yenye mafunjo, punguzeni sauti, kwa kuwa nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, hujificha humo na hutoweka akisikia mazungumzo.

Kuhusu kuogelea, jibu ni hapana. Mchanga wa fukwe za visiwa hivi unavutia kweli (hata mimi nilikwisha kuvua viatu), lakini ziwa lina mamba, viboko na kichocho, na nyayo pana za kiboko zenye vidole vinne, zikitoka majini kuelekea majanini, huonekana mchangani asubuhi.