Mtori ambao sikuuomba

Swali lenu la wiki linauliza: "Ni jambo gani ulilokuwa ukilitarajia kwa mtu wa karibu, kisha ukaamua kuliachilia?" Langu ni mtori.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpata kwa upasuaji, hapa Dar es Salaam. Mama yetu alishafariki. Kwetu Uchagani mzazi anatunzwa: anapikiwa mtori, ndizi na nyama vikachemshwa mpaka ndizi zinapondeka, anakandwa, anaambiwa alale. Moyoni nilishapanga kwamba dada yangu, aliyenilea, atapanda basi kutoka Moshi. Sikumwambia. Nilipompigia kumpa habari akapiga vigelegele, akauliza mtoto kafanana na nani. Nikajibu, "Tunaendelea vizuri, dada." Nikakata simu, nikaanza kusubiri.

Siku ya tisa akatuma shilingi 50,000, na ya kutolea. Niliipokea ile hela kama tusi. Tangu hapo nikawa namjibu kwa mkato, na mwanawe alipopata kipaimara nikasingizia kazi. Karibu miaka miwili. Naumia kila nikikumbuka, maana yule kijana alikuwa akiniulizia.

Desemba moja tulipokwenda nyumbani, tulikaa wawili jikoni tukimenya ndizi, vidole vimeshaingia weusi wa utomvu. Akasema bila kuniangalia: "Ulipojifungua nilishakata mkungu wa kukuletea. Nikajiuliza, mama mkwe wake yupo pale, nikitokea bila kuitwa si ataona simwamini? Nikasubiri uniite. Hukuniita." Kisu kilinitulia mkononi. Kumbe naye alikuwa na kinyongo chake, na kilikuwa na umri sawa na changu.

Siku ile nilielewa kwamba nilikuwa namdai mtu deni ambalo hakuwahi kukopa. Sasa nikijikuta nimemnunia mtu, najiuliza kwanza: nilimwambia? Kama sikumwambia, ama namwambia, ama namsamehe kabisa, hata asijue kwamba aliwahi kusamehewa. Sisemi tuachie kila kitu. Baba kulipa ada ya mwanawe ni wajibu, hilo siliachii na wala simshauri mwanamke yeyote aliachie. Ninayosema ni haya ya kimoyomoyo, ya "angenipenda angejua."

Mwaka huu natarajia wa pili, mwezi wa kumi na moja. Safari hii nilimpigia mapema nikamwomba aje. Akasema hawezi, yule kijana atakuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nilisikia uchungu kidogo, nao ukapita. Nikamwomba amwelekeze mama mkwe wangu, yeye ni mtu wa pwani, mtori hajawahi kuupika. Nikampa simu. Waliongea karibu nusu saa, na mama mkwe akatoka akiuliza wapi hapa mjini atapata ndizi mshale.