Anzia kabatini, si Gikomba

Dada, umeuliza utapataje mtindo wako bila kujaza nyumba nguo za kutupwa kesho. Kabla ya kupanda matatu ya kwenda sokoni, mwaga kabati lote kitandani. Chagua nguo tano unazozivaa mpaka zinachakaa, uangalie zinafanana wapi: rangi, urefu, shingo. Mtindo wako uko hapo tayari.

Sasa nenda Toi au Gikomba, masoko ya mitumba ya Nairobi, ukitafuta vitu viwili tu, na tepu ya fundi mkobani. Namba ya kwenye lebo usiiamini. Saizi 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani. Pima mabega kwanza. Kiuno na pindo fundi yeyote atapunguza, lakini bega likizidi lazima mkono ufumuliwe wote, na mara nyingi hurudishwa ukiwa umevuta upande. Inua nguo kwenye mwanga: kwapani na katikati ya mapaja ndiko kitambaa huisha mapema. Doa gumu la njano kwapani? Irudishe kwenye rundo, hata kama muuzaji anaapa litatoka.

Pendelea pamba au kitani, kwani poliesta huachia vinyuzi vya plastiki kila inapofuliwa. Nguo nyeusi geuza ndani nje, fua kwa maji baridi, anika kivulini, la sivyo jua la mchana litaipausha. Na hela ya fundi ijumlishe kabla hujaanza kupatana bei, maana shati la shilingi mia huweza kula mia tatu za kurekebisha.