Jirani anajenga ghorofa nane, mtaa mzima ni nne: amevunja sheria?

SWALI: Majengo yote ya mtaa wetu ni ya ghorofa nne, ukihesabu na ya chini. Sasa jirani tuliyepakana naye anapandisha nane, kwenye kiwanja cha ukubwa uleule. Kibali anacho na bango amelisimamisha. Wengine wanasema kuna mkono umelainishwa. Mimi hofu yangu ni majitaka: bomba la mtaa litahimili watu mara mbili? Tukienda kupinga, tushike hoja gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kufika kwenye mkono uliolainishwa tupige hesabu, maana nane hizo zinaweza kuwa halali kabisa.

Miji mingi haihesabu ghorofa peke yake. Huweka ukomo wa jumla ya sakafu zote kwa kulinganisha na ukubwa wa kiwanja, kisha hutaja ni asilimia ngapi ya ardhi inayoweza kufunikwa na jengo. Chukua kiwanja cha meta 20 kwa 30, yaani meta za mraba 600. Uwiano huo wa sakafu kwa kiwanja ukiwa 2, mwenye kiwanja ana haki ya sakafu za meta za mraba 1,200. Akifunika nusu ya kiwanja, kila ghorofa ina 300 na haki yake inakwisha kwenye ya nne. Akifunika robo tu, ghorofa ina 150, naye anafika ya nane. Jengo limerefuka na kukonda, sakafu ni zilezile.

Kipimo hiki kina historia. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilikamilika New York likiwa na sakafu zinazokaribia mara 30 ya kiwanja chake, likatia giza mitaa ya jirani. Mwaka uliofuata mji ukapitisha kanuni za kubana umbo la majengo kadiri yanavyopanda. Ukomo wa uwiano ukaja mwaka 1961.

Kwa hiyo ukienda ofisi ya mipango miji usiulize "kwa nini nane?" Omba kuona michoro iliyoidhinishwa na uulize uwiano ni ngapi, nafasi za kuacha mipakani ni meta ngapi, na sakafu zipi hazikuhesabiwa. Hilo la mwisho ndilo kichaka cha wajanja. Mara nyingi maegesho, vyumba vya mitambo na roshani havihesabiwi. Basi mtu huchora "maegesho" ghorofa ya chini, jengo likishakaguliwa anainua kuta na maegesho yanageuka maduka. Pia pima mwenyewe kwa futi kamba toka ukuta wa mpaka hadi nguzo yake ya kwanza. Namba hiyo haihitaji mtaalamu.

Sasa majitaka. Urefu hauijazi chemba, watu ndio wanaoijaza. Paris ina watu takriban 20,000 kwa kila kilometa ya mraba, na sehemu kubwa ya majengo yake ni ya ghorofa sita au saba tu: watu wanaweza kusongamana bila majengo marefu. Zile meta 1,200 za jirani, ukitoa ngazi na korido, zinabaki kama 960. Akizigawa nyumba za meta 60 anapata 16, na kwa watu wanne kila nyumba ni watu 64. Akizikata vyumba vya meta 25, kila kimoja na jiko na choo chake, anapata 38. Wakikaa watatu watatu wanafika 114. Kwa nje huoni tofauti. Idadi ya nyumba ndani ya kibali ni muhimu kuliko idadi ya ghorofa.

Tuchukue hali mbaya, hao 114. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku na asilimia 80 irudi kwenye bomba, ni kama lita 9,100 kwa siku. Hata asubuhi ya kukimbilia kazini, tukizidisha wastani mara nne, hayafiki nusu lita kwa sekunde. Bomba la milimita 150 lililolazwa kwa mteremko wa meta moja kwa kila 100 hupitisha zaidi ya lita 10 kwa sekunde. Jengo moja halilizidi nguvu.

Kinacholizidi ni mvua. Paa na ua uliosakafiwa, tuseme meta za mraba 400, vikipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa vinatoa lita 5.6 kwa sekunde, zaidi ya mara 10 ya majitaka ya jengo zima. Fundi akiunganisha mabomba ya paa na chemba ya choo (huwa wanafanya hivyo, ni njia ya mkato na hakuna anayechungulia), jirani mmoja anakuwa majengo kumi. Bonde la mtaa ndilo hufurika, na waliofurikiwa humlaumu mwenye ghorofa nane bila kujua kosa lake hasa.

Hofu ya kweli iko baada ya huyu wa kwanza. Wakimfuata ishirini, bomba kuu na mtambo wa kusafisha majitaka ndivyo vitabanwa, na mara nyingi mtambo huo unahudumia miji kadhaa ya jirani huku kila mmoja ukitoa vibali bila kuuliza mwenzake. Hapo mna hoja nzito: andikeni mkiomba mamlaka ya majitaka ithibitishe kwa maandishi kwamba uwezo uliobaki unatosha kwa uwiano uliopangiwa mtaa mzima.

Kivuli na madirisha yanayotazama uani kwako ni malalamiko halali pia, ila hujibiwa na kanuni za nafasi za mipakani. Kama shimo la msingi halijachimbwa karibu na ukuta wako, piga picha za kuta zako leo, zenye tarehe, ufa ukitokea usiambiwe ulikuwepo.

Na mvua kubwa ya kwanza baada ya paa kuezekwa, ombeni fundi wa mamlaka afunue chemba ya mtaa mbele ya jengo hilo. Maji yakipita kwa kasi, meupe na mengi kuliko siku ya ukavu, mabomba ya paa yameingizwa humo, na hilo wanaweza kuamuru litenganishwe.